Usiniulize Niko Wapi

Siku niliyopanda mlima nikiwa nimelowa uji mgongo mzima, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu. Marehemu mume wangu hakuwahi kulijua hilo, na ni heri. Leo nina miaka sabini na mmoja, lakini kila nikiikumbuka siku ile baridi hunishika katikati ya mabega.

Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona. Usiniangalie hivyo. Nilikuona pale kwenye kibanda cha mboga, wewe na wenzako watatu, vichwa vimeinamiana juu ya simu, ukiwasomea ujumbe wa yule rafiki yako aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni. Yule anayelia kwamba mwajiri wake amemnyang'anya pasipoti. Nilikuona uso. Ulikuwa na huzuni ya kweli, sikatai. Lakini pia ulikuwa na ile raha ndogo ya mtu anayejua jambo ambalo wengine hawalijui. Raha hiyo mimi naijua sana.

Kaa basi. Hiyo simu yako iweke kifudifudi, haitakimbia. Yangu nitaiacha hapa mapajani, ina sababu yake. Wazee wetu walisema mwerevu ni yule aliyeshauriwa. Mimi nilishauriwa vizuri kabisa nikiwa msichana, nikasahau, nikarudia kosa lile lile nikiwa mzee mwenye mvi, na nusura nimpoteze mtu niliyempenda kuliko ndugu wa tumbo moja.

Mtu huyo ni Nyaguthii. Tulikua pamoja hapa hapa Wamagana, shamba lao na letu yakipakana. Jina lake kwetu ni la mtu wa safari, na mama yake alikuwa akitania kwamba wengine wamezaa watoto, yeye amezaa miguu.

Tulipomaliza shule, babake Nyaguthii alikuwa ameshapokea mbuzi wa mahari kutoka kwa mtu mmoja wa Karatina, mwenye lori na mke mwingine nyumbani. Nyaguthii hakumtaka. Alikuwa ameandika barua kwa siri kuomba nafasi ya kusomea uuguzi, na jibu lilikuwa limekuja: amekubaliwa, afike Jumatatu. Aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tumeinama tukichuna majani chai, hata kichwa hakuinua.

"Wangeci, mimi naenda. Mjomba atanipeleka. Ni wewe tu unajua."

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Je, babake akimkamata njiani? Je, akimpiga? Siku zile nilikuwa nimeokoka, wokovu wa moto moto, sikosi ushirika wa Jumapili alasiri. Na katika ushirika ule mtu alikuwa akisimama na kumwaga kila kilichomo moyoni mwake, asiyemwaga akionekana anaficha dhambi. Basi nikasimama, machozi yananitoka, nikasema, "Ndugu zangu, mwombeeni Nyaguthii. Kesho anatoroka kwenda kusoma. Bwana amfiche machoni pa babake."

Haiya! Bwana angemfichaje, na mimi nimeshamfichua? Kabla ng'ombe hawajakamuliwa jioni ile, babake alikuwa na habari kamili. Alichukua barua akaitia motoni Nyaguthii akitazama, na vyeti vyake vya shule akavifungia ndani ya sanduku. Rafiki yangu alikosa nafasi ile. Mwaka mzima alikaa chini ya macho ya babake, na mbuzi wa mtu wa Karatina wakizaliana uani.

Nilikimbilia kwa cucu, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba, nikalie huko. Nikajitetea. "Lakini cucu, mimi niliomba tu. Maombi si ni kitu kizuri?" Yeye aliendelea kuchambua maharagwe yake.

Siku ya pili aliniita asubuhi. Kwetu mwanamke akijifungua, wenzake humpelekea uji wa mtama uliochachuka, ndio unaomletea maziwa. Kulikuwa na mzazi ng'ambo ya bonde, na cucu alikuwa amejaza kibuyu kikubwa. Akanitundika kibuyu mgongoni, kamba ikapita kwenye paji la uso. Sasa, kibuyu cha namna hiyo huzibwa mdomo kwa majani yaliyokunjwa barabara. Cucu akayatoa yale majani akayatupia mbuzi.

"Cucu, utamwagika!"

"Kwani uji si ni kitu kizuri? Kitu kizuri kinazibwa cha nini? Tembea."

Mwanangu, bonde lile unalijua. Unashuka mpaka mtoni magoti yakitetemeka, halafu unapanda mpaka unahema. Kila hatua uji ulinimwagikia, shingoni, mgongoni, ndani ya nguo hadi kwenye visigino. Watu waliokuwa wakienda shambani walisimama kunicheka, na nzi nao wakanipokea. Cucu alitembea nyuma yangu. Tulipofika, mzazi alikuwa ameketi kitandani na kitoto chake, akanyoosha mikono kupokea kibuyu, na kibuyu kilikuwa chepesi.

Cucu akaniambia, "Mwambie uji wake uko wapi."

Ikabidi anisemee mwenyewe. "Umenywewa na njia. Na njia haina mtoto wa kunyonyesha."

Wakati wa kurudi ndipo alipofungua kinywa tena, mara moja tu. "Ulimwombea rafiki yako mbele ya watu sitini," akasema. "Kwani Mungu peke yake hakutosha?"

Nyaguthii alikaa miezi miwili bila kunisemesha. Kisha siku moja alinijia pale kwenye majani, akaanza kuchuna mstari wa pili kutoka kwangu, akasema, "Shida yako, Wangeci, si ubaya. Ungekuwa mbaya ningejua la kukufanya." Huo ndio ulikuwa msamaha wake. Mwaka uliofuata mjomba wake alikuja kumsemea kwa babake, mbuzi wakarudishwa Karatina, na akaenda kusomea uuguzi. Safari hiyo hata mimi hakuniambia siku ya kuondoka. Niliona tu mlango wao umefungwa.

Basi ungedhani nimejifunza. Nami nilidhani hivyo.

Miaka ikaenda. Nyaguthii akawa muuguzi hapa nchini, akaolewa, mumewe akafariki kabla hawajajaliwa mtoto. Alipokaribia miaka hamsini akavuka bahari kwenda Amerika. Mwanzoni tuliandikiana barua, halafu simu zikaja, na urafiki wetu ukawa wa kila Jumamosi. Huku ikiwa alasiri, kule ni asubuhi. Hakuwa akitaka habari kubwa kubwa. "Weka simu karibu na jiko," ananiambia, "nisikie githeri ikichemka." Au mvua ikinyesha, "Nyamaza wewe, wacha nisikie mabati." Nami nanyamaza, na mimi kunyamaza si kazi rahisi.

Kazi yake kule ilikuwa ya kumtunza mzee mmoja mzungu aliyepooza upande mmoja, akiishi naye nyumbani kwake. Mke wa yule mzee, alipokuwa anakata roho, alimshika Nyaguthii mkono akamsihi asimwache mumewe peke yake mpaka mwisho. Nyaguthii akaahidi. Na Nyaguthii akiahidi, ameahidi. Ndiyo maana hata karatasi zake za kukaa kule zilipokwisha muda, hakurudi nyumbani. Kila mwaka alisema, "Nitakuja mzee akipumzika." Mzee hakuwa na haraka ya kupumzika.

Halafu nyakati zikachafuka. Ukifungua redio unasikia kule wageni wanasimamishwa barabarani, wanaulizwa karatasi, wanapandishwa ndege na nguo walizovaa. Hapa kwetu nako vijana wakaandamana, moshi wa kutoa machozi ukaingia hadi vyumbani Majengo pale mjini Nyeri. Nikawa nampigia naye ananipigia, kila mmoja akimwogopea mwenzake. "Uko wapi?" "Na wewe uko wapi?" Wajua sisi watu wa huku kwenye simu hatuanzi na salamu, tunaanza na uko wapi. "Niko kwa nyumba." "Umefunga mlango?" "Nimefunga." "Fungua uone kama umefunga vizuri." Tukicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na nguvu.

Jumamosi moja hakupiga. Alinitumia sauti, na alikuwa akinong'ona. Sisi huitana mwari wa maitu, binti wa mama yangu, na ndivyo alivyoanza.

"Mwari wa maitu, hii usiambie mtu. Siku hizi hata dukani siendi. Jana mtu alibisha mlango, nikajifungia kwa bafu, na mzee huko nje akiniita. Kumbe ni mtu wa barua tu. Niko na uoga mpaka mikono inatetemeka nikimlisha. Nikishikwa, huyu mzee ataachiwa nani?"

Mwanangu, niliisikiliza sauti ile mara tano. Hapa kwetu mtu akijifungua unampelekea uji. Akifiwa unaenda kumpikia. Akiugua unamkatia ng'ombe wake majani. Lakini mtu aliyejifungia bafuni ng'ambo ya bahari, mikono yako utaifanyia nini? Nilizunguka nyumba. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Moyo ulikuwa unanienda mbio kana kwamba mlango uliobishwa ni wangu.

Basi nikafanya nililolizoea. Nilifungua kikundi cha maombi cha akina mama wa kanisa letu kwenye simu, nikabonyeza, nikasema. Nikamtaja Nyaguthii kwa jina. Nikataja mji anaokaa. Nikasema karatasi zake zimekwisha muda. Nikamtaja hata mzee aliyepooza, ili maombi yafike pale pale bila kupotea, kana kwamba Mungu anahitaji kuelekezwa njia. Amina zikamiminika kwenye simu moja baada ya nyingine. Niliona nimeutua mzigo, na usiku huo nililala usingizi mzuri kabisa.

Ijumaa iliyofuata alinipigia wifi yangu aliyeolewa Kangema, kule Murang'a. "Uko wapi?" akauliza. "Ebu keti. Kuna kitu kimeletwa kwa kikundi chetu cha majani. Si hii ni sauti yako?"

Ngai! Ilikuwa sauti yangu. Hata kile kikohozi changu cha asubuhi kilikuwamo. Mwenzetu mmoja wa maombi alikuwa amemtumia bintiye aliye Amerika, naye kwa huruma akaiweka kwenye kikundi cha watu wetu walio kule, nao kwa huruma wakaisukuma mbele, ikazunguka wee mpaka ikarudi Kangema kwa wachuna majani kama mimi, ikiwa na maneno "Tafadhali mwombeeni dada huyu." Kila mtu alikuwa na huruma. Hakukuwa na adui hata mmoja katika safari nzima ile. Nikajiuliza, kama sauti imevuka bahari mara mbili kwa siku sita, kule aliko Nyaguthii imepita kwenye milango mingapi?

Nilikwenda mbio kwa mwenyekiti wetu wa akina mama, sina hata kitambaa kichwani. Nikamwomba awaambie wote waifute. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini Mama Gichuki, si ni ombi tu? Mungu anajua nia."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, mwanangu, yale niliyomwambia cucu zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Nilihisi uji mgongoni. Nakuambia kweli, niliupeleka mkono nyuma nikajipapasa.

Waliifuta, na wengine walilia pamoja nami. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwandikia Nyaguthii. Simu ikaonyesha alama moja tu, ile ya kusema ujumbe umetoka lakini haujafika. Nikampigia, haikuita. Jumamosi ikafika, ikapita. Nyingine ikafika, ikapita.

Alinyamaza wiki tisa. Sikutakii wiki tisa za namna hiyo. Redio nilikuwa naiogopa na sikuweza kuizima. Ndege ikipita juu ya mlima nilisimama kuitazama, nikijiuliza kama yumo ndani na nguo alizovaa. Simu niliichukua hadi chooni. Kuchuna majani mawili na chipukizi, kazi niliyoifanya tangu utotoni, kukanishinda, karani wa kituo cha majani akamwaga kikapu changu mezani mbele ya watu akasema, "Cucu, leo umetuletea kuni." Watu wakacheka. Ningecheka pia, lakini nilikuwa najaribu kukumbuka kama kwenye ile sauti nilitaja jina la mtaa au mji tu.

Na katika wiki hizo nililazimika kujitazama. Nilikuwa nimesema niliomba kwa ajili ya upendo, na upendo ulikuwapo. Lakini pembeni yake ilikuwapo na raha ile ndogo. Zile amina zilinipendeza. Ilinipendeza kuwa mimi ndiye mwenye rafiki aliye hatarini, mimi ndiye niliyeaminiwa, mimi ndiye ninayeulizwa mlangoni mwa kanisa, "Nyaguthii anaendeleaje?" Niliichukua hofu yake nikaivaa niende nayo kanisani. Hilo sikuwa nimelikiri katika ushirika wowote, hata siku zile za wokovu wa moto.

Wiki ya tisa, siku ya Jumamosi, nikiwa katikati ya majani, simu ililia. Namba nisiyoijua.

"Wangeci."

Na mdomo wangu, mdomo huu huu, ukafunguka wenyewe. "Uko..."

"Usiniulize niko wapi."

Nikaumeza ulimi. Nilisikia akipumua.

"Uko mzima?" nikauliza.

"Niko mzima."

"Ni mimi niliyesema, Nyaguthii. Ni mimi."

"Najua. Nilisikia. Hata kukohoa kwako nilisikia."

Ndipo akaniambia. Sauti ile ilimfikia jirani mmoja Mkenya, jirani akawauliza watoto wa yule mzee kama ni kweli, nao wakaogopa. "Hawakuwa wabaya," akasema. "Waliogopa tu wasiletewe shida kwa nyumba yao. Waliniambia niondoke siku hiyo hiyo. Nilifunga mizigo mzee akiwa amelala mchana, nikatoka kabla hajaamka. Sikumuaga, Wangeci. Na nilikuwa nimeahidi bibi yake."

Nikakishusha kikapu mgongoni, naye akaendelea.

"Msichana wake alinipigia juzi. Ati kila asubuhi mzee alikuwa anaita jina langu. Watu wengine walimlisha, akakataa. Aliita hivyo wiki tatu. Amekufa."

Nilikaa chini katikati ya majani chai, kwenye udongo uliolowa. Nilitaka kuomba msamaha na neno lenyewe likawa dogo mno. Nikaanza kusema nigombeze, nitukane. Akanikatiza.

"Sikupiga nikugombeze. Nimekupigia kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia kwamba amekufa."

Nililia, naye akalia, na baina ya kilio chake na changu kulikuwa na bahari nzima. Tulimlilia mzee wa watu ambaye sijawahi kumwona. Majirani waliokuwa wakichuna mstari wa juu waliniuliza kuna nini, na kwa mara ya kwanza maishani nikajibu, "Hakuna kitu."

Kabla hajakata simu akaniambia hivi. "Nitakuwa nakupigia kila Jumamosi kama zamani, kabla ya saa tisa ya huko kwenu. Lakini mahali niliko sitakuambia. Si hasira, mwari wa maitu. Wewe ukijua, utaogopa. Na ukiogopa, utaomba."

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka na kamasi zikinitoka, kwa sababu ilikuwa kweli tupu, na kwa sababu alikuwa amenitania, na mtu akikutania bado ni wako.

Tangu siku hiyo huu ni mwaka wa pili. Kila Jumamosi ananipigia. Mwanzoni nilipata taabu, sikujua mtu anaanzaje simu bila uko wapi. Sasa nimejifunza. Namuuliza, umekula? Umelala? Mikono imeacha kutetemeka? Ananiambia yale anayotaka kuniambia, na yale asiyotaka siyavuti. Nami namwekea simu karibu na jiko. Na mlangoni mwa kanisa bado wananiuliza, kwa huruma ile ile, "Mama Gichuki, kwani Nyaguthii yuko wapi siku hizi?" Nawajibu sijui. Wanadhani nimejifunza kuficha. La, mwanangu. Sijui kweli. Kile kibuyu nilichoshindwa kukiziba mara mbili, amekiziba mwenyewe, na mimi nimebaki nje kwa haki. Inauma. Rafiki wa maisha yangu yote akianguka leo, mimi sitajua hata ni mji gani nimlilie.

Kwa hiyo sikia. Rafiki akiwa mbali na nyakati zikiwa mbaya, kitu pekee mnachogawana ni maneno, basi yatunze hayo. Akikupa hofu yake, ishike. Itakuchoma mikono, nawe utatamani kuigawa ili ipoe. Usiigawe. Sisemi ukae na siri ya hatari kama jiwe, hapana; yule mwenzako amenyang'anywa pasipoti, na hilo linahitaji msaada. Lakini muulize yeye kwanza, "Nimwambie nani?" Kisha mpelekee mtu mmoja anayeweza kusaidia, usiwapelekee arobaini wanaoweza kusikitika. Huruma ya watu wengi ina miguu mirefu, na haiulizi inakwenda wapi. Ukiomba, omba. Mimi siku hizi naombea jikoni, mlango umefungwa, wala siutaji mji. Nasema, "Baba, yule yule." Anajua.

Na kabla ya kumhurumia mtu mbele ya wengine, jipapase moyoni uone kama hakuna ile raha ndogo. Ikiwamo, funga mdomo mpaka ipite. Huo utakuwa wema mkubwa zaidi ya amina zote.

Ukitoka hapa, waendee wale wenzako watatu, mmoja mmoja, uwasihi yaishie pale kwenye kibanda. Kisha mpigie rafiki yako umwambie ulichofanya, asije akakisikia kwa mtu mwingine. Atakasirika. Mwache akasirike, wewe usikate simu.

Inama nikubariki. Mungu anayeuona mlima huu kila asubuhi na akuone nawe. Mdomo wako uwe na mlango, na mlango wako usikose wageni. Wale unaowapenda wavuke maji salama, wakirudi wakukute, na wakikukuta wakuamini. Usife na jina la mtu ulimini. Haya, nimemaliza.

Sasa niache kidogo, mwanangu. Leo ni Jumamosi, saa tisa imepita, na simu bado haijalia.